Punda wa Mama Alphonsine

Kapolowe, 4 Machi 2024

Viviane, mwanangu wa mapendo,

Jambo sana. Mimi Mama mukubwa wako niko mzima, magoti tu ndiyo yanabishana nami asubuhi. Barua hii anakuletea Hervé, dereva wa Fuso anayepeleka mahindi yetu soko la Kikula huko Likasi. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Huku réseau inapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na pale juu vijana wamepanga foleni wakibembeleza wachumba wao. Kwa umri wangu siwezi kugombania kichuguu.

Sasa sikiliza kilichoniandikisha. Umoja wetu wa wakulima umejenga depo mpya ya mahindi. Ukuta wake wa mbele ni mkubwa, mweupe, unatazama barabara, na kila mtu anataka kuutia alama yake. Shemeji yangu Bertin, ambaye ni makamu wangu, anataka ichorwe trakta. Trakta ambayo hatuna! Amekwisha kuongea na Ricky, yule mwandika mabango wa Likasi anayechora kuku wa rangi ya nyanya kwenye kila mgahawa. Mimi nilisimama mkutanini nikasema, tutaweka punda wetu, Kontesi.

Kontesi aliachwa na mzungu mwenye ferme, lile shamba kubwa, aliporudi kwao Ulaya. Wanaume walisema, "Ile ni kintu ya bazungu ya kuchezea, itakula bule." Sisi wanawake tukamchukua, tukamfundisha kazi. Mvua za mwaka jana zilipovunja daraja, magari yakakwama, ni Kontesi aliyevusha magunia mtoni, na sisi majini hadi kifuani tukimshikilia. Bila yeye mahindi ya kijiji kizima yangeoza. Leo wanaume wanasimulia kana kwamba magunia yaliruka yenyewe.

Mkutano umekata shauri hivi: picha yangu ikifika kabla ya depo kubarikiwa, mwisho wa Juni, na ikiwa inafanana naye, ndipo itafikiriwa. La sivyo, ni trakta. Watakayoiweka ndiyo watoto wetu wataisoma siku zote, na mimi sitaki wasome uongo.

Nasikia unachora wanyama hadi mtu anatamani kuwafunga kamba. Nichoree punda wangu. Nikutumie foto? Katekista ana simu yenye kamera.

Mama mukubwa wako,
Alphonsine

*

Kikula, 11 Machi 2024

Mama mukubwa mpendwa,

Foto? Mama, hapo umenitukana na nimekusamehe kwa sababu wewe ni dada wa marehemu mama. Mimi sichori kutoka foto. Simu inaona ngozi tu. Niandikie vile alivyo, kwa maneno yako, nami nitamtengeneza tabaka juu ya tabaka: kwanza vipande vya magunia vilivyobandikwa kwa gundi kwenye ubao wa triplex, juu yake udongo, juu yake unga wa jiwe la kijani la Kamatanda, nyaya za shaba, maganda ya mahindi, rangi mwisho kabisa. Ndiyo kazi yangu. Watu wa Lubumbashi wanakuja na magari makubwa kuitazama.

Nikuambie na ukweli mmoja. Kuanzia hapa hadi Lubumbashi najulikana kwa farasi. Wananiita Viviane Chevaux. Nilipoisoma barua yako niliirudia mara mbili, maana punda sijamchora maishani. Nikajiuliza, watu watasema nini? Kisha nikakumbuka kwamba Bwana Yesu alipoingia Yerusalemu Jumapili ya Matawi hakuchagua farasi, alichagua punda. Kama alimfaa Bwana, mimi ni nani nimkatae?

Basi niambie. Rangi yake? Masikio? Nywele za shingo? Kimo? Na hasira zake, maana mnyama bila hasira ni kiti.

Wako,
Viviane

*

Kapolowe, 25 Machi 2024

Viviane mwanangu,

Barua yako imenifurahisha hadi nimeisoma kwa sauti. Jana ilikuwa Matawi. Nilikuwa naimba na tawi langu mkononi, na macho yangu yalimwona Bwana amekaa juu ya Kontesi kabisa.

Hao farasi wako wa Lubumbashi siwajui. Nadhani ni wale wanaovalishwa vitambaa na kupandwa na watoto wa matajiri. Achana nao kidogo. Wangu ni punda wa kazi.

Rangi yake ni ya barabara ya vumbi mwezi wa nane, nyekundu iliyochujuka. Masikio hayatulii, yanamgeukia kila anayemsema vibaya. Nywele za shingo tumezikata kabisa kwa ajili ya kupe, kwa hiyo usimpe nywele asizo nazo. Si mrefu, lakini ana tumbo na heshima. Akiona gunia limefungwa ovyo anasimama pale pale, na hata umwimbie hatembei. Akilia alfajiri kijiji kizima kinaamka, pamoja na Bertin. Anakutazama kama mama mkwe anayengoja salamu.

Mchore ndani ya maji. Asiwe amesimama tu akipumzika.

Alphonsine

*

Kikula, 27 Mei 2024

Mama mukubwa,

Amekwisha. Hervé anakuletea, amefungwa kwenye mablanketi mawili ya kwangu, nirudishiwe. Nimemwambia Hervé asifungue hata kwa kuchungulia, na akipita kwenye mashimo aendeshe kama amebeba mtoto mchanga.

Mama, najisifu waziwazi. Nimefanya kazi nyingi lakini hii imezipita zote. Ngozi yake ni magunia yaliyosuguliwa na udongo mwekundu. Maji ni unga wa Kamatanda, kijani kinachong'aa ukipita na taa. Masikio yalinisumbua sana, nikayabomoa na kuyajenga upya, sasa ni maganda ya mahindi yaliyokaushwa, yamesimama yanasikiliza. Kuna mtu aliyekuja kwangu akasema, "Viviane, sasa hivi umekuwa mkubwa." Nilijifanya sikusikia ili arudie.

Siwezi kuja kumfungua pamoja nanyi. Nina maonyesho Lubumbashi, farasi wangu wote wanatoka. Niandikie wanawake walifanya nini walipomwona. Usinifiche kitu.

Viviane

*

Kapolowe, 3 Juni 2024

Viviane,

Picha imefika. Hervé aliishusha vizuri. Mablanketi yako utayapata.

Watu wameiona.

Alphonsine

*

Kikula, 7 Juni 2024

Mama mukubwa,

Nimerudi kutoka Lubumbashi nikaikuta barua yako, na nimeielewa. Kuna kazi ambazo mtu akizitazama maneno humwishia. Hata kule kwenye maonyesho mzee mmoja alisimama mbele ya farasi wangu bila kusema lolote, akavua kofia tu. Kwa hiyo sikulaumu kwa ufupi.

Lakini sasa mshangao umepungua, niambie. Wanawake walilia? Bertin alisema nini? Amekwisha kumfukuza Ricky na trakta yake?

Msimtundike penye jua la mchana, gundi italegea.

Viviane wako,
anayetabasamu peke yake barabarani

*

Kapolowe, 10 Juni 2024

Viviane,

Unauliza kama walilia. Walilia. Nami nililia.

Ulinicheka au hukunielewa? Nilikuomba Kontesi ukaniletea âne! Âne, mnyama wa masikio, ambaye sijawahi kumwona tangu nizaliwe isipokuwa kwenye kalenda ya duka. Kontesi ni cheval, Viviane. Cheval! Mwenye ferme alikuwa akimpanda Jumapili na kofia yake. Hukujua? Kijiji kizima kinajua, Kapolowe nzima inajua, ila wewe unayejulikana hadi Lubumbashi!

Tuliita watu wote. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Nikafungua blanketi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, huku nikimtazama Bertin ili nimwone akishindwa. Na yeye akasema, "Alphonsine, punda yako iko wapi? Hapa minye naona kalulu ya kukomaa!" Kalulu, Viviane! Sungura! Wanaume walicheka hadi wakashikana mabega. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, ile masikio murefu vile iko juu ya nini?"

Masista walinifundisha kuandika kiswahili bora, na nakuandikia kiswahili bora, lakini punda ni punda. Wewe umeenda shule kubwa, shule imekupa neno jipya, na neno hilo limeniaibisha mbele ya shemeji yangu.

Ricky amekuja jana kupima ukuta.

Alphonsine

*

Kikula, 13 Juni 2024

Mama mukubwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa.

Punda ni âne. Fungua kamusi yoyote. Cheval ni farasi. Nilikuandikia wazi kwamba mimi ni mtu wa farasi, wewe mwenyewe ukanijibu niachane nao. Ningefanya nini? Nilimeza kiburi changu nikamchora mnyama ambaye hakuna mtu amewahi kuniomba, na nikamchora kwa mapendo, kwa sababu ni wewe.

Baada ya hasira nikachukua picha moja ya farasi wangu nikaipeleka kwa Mama Christiane, anayeuza makaa hapa jirani. Nikamuuliza, "Hii ni nini, mama?" Akasema, "Si punda?" Nikamuuliza, "Na farasi?" Akasema, "Farasi? Ile ya mu kitabu?" Nikamwonyesha mchoro wa âne. "Ile ni âne, mutoto. Weye ulisomaka wapi?" Nikauliza na fundi wa baiskeli, na mwenye kinu. Kikula nzima iko upande wako. Nimeishi hapa miaka yangu yote, watu wananiita Chevaux kwa Kifaransa, na hakuna siku niliyowasikia wakimtaja mnyama mwenyewe kwa kiswahili. Haya, nimekubali neno.

Lakini kazi sirudii. Yule âne ni bora kuliko chochote nilichowahi kufanya, hata kama jina lake limekosewa. Mtundikeni kama alivyo au mnirudishie. Mimi si Ricky, sifuti kuku nikaandika bata.

Viviane

*

Kapolowe, 16 Juni 2024

Viviane,

Kukurudishia siwezi, padri wetu Abbé Merdi amekwisha kumchukua. Alipita hapa, akamwona ameegemezwa ukutani, akapiga makofi, "Huyu ndiye wa Matawi!" Katekista akambishia kwamba Bwana aliingia Yerusalemu juu ya punda, si juu ya kitu hiki. Abbé akafungua Biblia yake ya Kifaransa akasoma mbele yetu: ânesse, yaani âne jike. Parokia nzima imetikisika. Tangu ubatizo wetu tumemwona Bwana juu ya cheval, na wazee wengine wanasema padri huyu bado kijana, atajifunza. Kwa hiyo mnyama wako yuko sakristia, na mwaka ujao atatangulia maandamano. Ni kazi nzuri. Mimi si kipofu. Ana macho ya mtu anayefikiri.

Lakini si Kontesi.

Ricky ameleta ndoo ya rangi nyekundu, ameiweka mlangoni pa depo ili niione nikipita. Baraka ni tarehe thelathini. Wanawake hawanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia tusubiri, mwanangu anakuja kuwaonyesha.

Sikuombi tena. Kiburi ulicho nacho nakijua, kimetoka kwetu, hukukiokota Lubumbashi. Fuso ya Hervé inarudi huku Jumatano. Panda, uje umwone mnyama kwa macho yako, kisha umkatalie yeye mwenyewe, si mimi.

Alphonsine

*

Kikula, 3 Julai 2024

Mama mukubwa,

Nimefika Kikula salama, ila mikono bado iko kwenu. Udongo wa mto umeingia kwenye kucha na hautoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Brashi yangu pana nimeisahau kwenye dirisha la depo. Asiitumie mtu kupaka chokaa, tafadhali.

Kuna jambo sikukuambia nikiwa huko. Niliposhuka kwenye Fuso nikamwona Kontesi amefungwa mbele ya ule ukuta mtupu, nilitaka kurudi ndani ya gari. Nimechora farasi wengi, Mama, wote shingo juu, wote wamelishwa wakapigwa brashi. Sikuwahi kuona mmoja aliyefanya kazi. Yule alikuwa na alama za kamba kifuani, tumbo kubwa, shingo imenyolewa, na bado alisimama kama mwenye nyumba. Alinitazama akingoja salamu. Nikamsalimia. Nilipoinama kwenye mfuko wangu kutafuta gundi, gundi ilikuwa mkononi. Nilikuwa naficha machozi.

Na mlinipokea kwa chakula, bukari na sombe, hakuna aliyenitajia masikio. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikakosa la kufanya na matayarisho yangu.

Nilipokata shauri kumjenga upya pale pale ukutani, nikaomba magunia yaliyovuka mto, nilidhani yamekwisha kuwa vitambaa vya kupangusia sakafu. Mkayatoa chini ya vitanda, yamekunjwa kama nguo za kanisa. Mwenzako Providence akaleta kitenge alichokuwa amevaa siku ile majini, kile cha ndege, akakichana mbele yangu mwenyewe akasema, "Bandika. Na unifanye munene, siku zile nilikuwaka munene." Kwa hiyo pale ukutani kila mmoja amevaa nguo yake ya kweli, na magunia ni yale yale, na tope ni lile lile. Mimi nilitia gundi, na maji ya Kamatanda. Shingo ya Kontesi nimeiacha fupi kama mlivyoikata.

Kule Lubumbashi watu wanashika glasi, wanainamisha kichwa, wanasema intéressant. Kwenu, Abbé alipokwisha kunyunyiza maji, mama mmoja alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye mguu wa Kontesi akasema, "Ni hapa aliumiaka ku jiwe." Sikuwa nimejua habari ya jiwe, mkono wangu ulifuata tu mguu wa mnyama aliyekuwa mbele yangu. Mama, nimesifiwa na magazeti. Sijawahi kusifiwa hivyo. Nilirudi Likasi nimenyoosha mgongo hadi Hervé akaniuliza kama unaniuma.

Sasa niambie habari ya mkutano. Nilimsikia Bertin akisema kwenye sherehe, "Feti ni feti, mukutano ni mukutano," na ndoo ya Ricky ilikuwa bado mlangoni. Kama wameamua trakta ipakwe juu ya wanawake wale, niandikie bila kunibembeleza. Nitakuja nisimame mbele yao mwenyewe, Ricky anipake na mimi.

Viviane

*

Kapolowe, 10 Julai 2024

Kwa Mademoiselle Viviane, Artiste, Kikula
Kuhusu: kosa kwenye ukuta wa depo

Mademoiselle,

Mimi ni Bertin, makamu wa Umoja wa Wakulima, yule aliyesema kalulu. Nakuandikia kabla ya Mama Présidente kwa sababu yeye akianza kuandika habari hii hatamaliza.

Mkutano umekaa. Picha inabaki. Nakujulisha kwamba mimi nilisimama upande wa trakta hadi mwisho. Nilikuwa pamoja na Ricky, ambaye baadaye ilionekana si mwanachama.

Hata hivyo kazi yako ina kosa. Napita pale asubuhi nikienda shambani na jioni nikirudi, na nimeikagua vizuri. Punda ni yeye. Mto ni ule. Wanawake ni wao, na Providence ulimpendelea. Lakini kuna kamba inayotoka kwenye matandiko ya Kontesi, inarudi nyuma hadi ukingoni, na pale inaishia. Haishikwi na mtu. Mademoiselle, kwa maji yale, kamba isiyoshikwa na mtu maana yake ni punda aliyekwenda na mto.

Kamba ilishikwa. Mwanzoni nilikuwa juu ya ukingo pamoja na wengine, nikicheka, na hilo silikatai. Maji yalipopanda wenzangu walikwenda nyumbani. Mimi nilishuka nikaishika. Hakuna aliyeniita. Ngozi ya viganja ilitoka, na mke wangu anaweza kushuhudia, maana ndiye aliyenipaka mawese.

Sikuwahi kulisema kwa sababu nilikuwa nimekwisha kucheka, na mtu aliyecheka hawezi kurudi tena kujisifu. Lakini sasa watoto wanasimama pale ukutani wanamtaja kila mtu kwa jina. Binti yangu mdogo aliniuliza, "Baba, na weye ulikuwaka wapi?" Nilimwambia aende kuchota maji.

Naomba uniweke. Nafasi yoyote itatosha. Kofia si lazima.

Pokea, Mademoiselle, salamu zangu za heshima kubwa.

BERTIN
Makamu

*

Kikula, 13 Julai 2024

Mama mukubwa,

Soma kwanza barua ya shemeji yako, nimeiweka humu ndani. Nimeisoma nikicheka, nikafika kwa binti yake nikaacha kucheka.

Kamba ile niliichora kwa sababu mlinisimulia kamba. Mlipofika kwenye ukingo mkanyamaza, na mimi nilikuwa na gundi inakauka, sikuuliza nani alikuwa upande wa pili.

Ukuta ni wenu. Simwongezi mtu, simpunguzi mtu, bila neno lako. Anachosema ni kweli?

Viviane

*

Kapolowe, 17 Julai 2024

Viviane mwanangu,

Ni kweli.

Barua ya shemeji niliisoma mbele ya wanawake wote ndani ya depo, na yeye alikuwa nje akijifanya anachonga mpini wa jembe. Alichonga hadi ukabaki mwiko. Tulipofika kwenye kofia si lazima, Providence alikaa chini kwa kicheko. Halafu ni yeye Providence aliyesema, "Kamba alishikaka, tusidanganye. Minye nilimuonaka na damu ku mikono." Hapo hakuna aliyebisha, kwa sababu sote tulimwona. Hatukukuambia kwa kuwa hukuuliza, na pia kwa kuwa ilikuwa tamu, mara moja tu, kusimulia jambo kubwa bila mwanaume ndani yake.

Wengine walisema aachwe nje, ajifunze. Mmoja alisema uchore mikono tu, bila mtu. Niliwasikiliza kwa sababu mimi ni Présidente, kisha nikawaambia hapana. Tangu nilipoolewa hapa nimekaa kwenye mikutano ya kijiji hiki kwenye mkeka wa nyuma, na ninachokijua vizuri kuliko kitu chochote ni migongo ya wanaume. Naweza kumtaja kila mzee kwa mgongo wake. Leo mmoja wao ameandika barua kwa mkono wake, ameivalisha Mademoiselle na heshima kubwa, akiomba nafasi kwenye ukuta wetu, nafasi yoyote. Mwanangu, nina furaha hadi naona haya. Nikisali rozari nacheka katikati, naanza tena.

Njoo umweke. Mweke mwisho wa kamba, nyuma ya mkia wa Kontesi, ndipo alipokuwa. Suruali iwe imelowa hadi kiunoni, na viganja viwe vyekundu, usivifiche. Lakini uso wake uugeuze huku kwetu, mzima, ili binti yake amwone. Sisi hatumchori mtu kwa mgongo.

Mama mukubwa wako,
Alphonsine, Présidente